Mke wangu anaogopa kutoka alfajiri, mtaa unataka kuwafurusha vijana wa kwenye pagala. Naombeni ushauri (Mbeya)

Mnyalukolo Mgeni

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimehamia Mbeya mwaka juzi kikazi. Tumepanga upande wa Uyole, kwenye mtaa ambao nyumba nyingi bado zinajengwa. Jina la mtaa sitalitaja, majirani wengine wamo humu.

Mke wangu anauza mboga Sokomatola. Ili apate mzigo mzuri lazima atoke nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Kutoka kwetu hadi lami ni kama dakika kumi na mbili kwa miguu, taa hakuna hata moja, na katikati ya njia kuna pagala lenye majani yanayomzidi mtu kimo. Jioni vijana wanakaa hapo wanavuta bangi, wanafungulia muziki, na mwanamke akipita peke yake anarushiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Tangu tuhamie tumeibiwa mara mbili: mtungi wa gesi uliokuwa jiko la nje, na kuku wanne. Hakuna aliyewahi kutugusa. Lakini ukifungua kundi la WhatsApp la mtaa utadhani tuko vitani. Kila usiku kuna watu watatu wenye makoti marefu wameonekana mahali. Nilifuatilia habari tatu. Ya kwanza walikuwa vibarua wa ule ujenzi wa barabara ya njia nne wa Nsalaga hadi Ifisi, wanarudi zamu. Ya pili ilitokea mkoa mwingine kabisa. Ya tatu sikumpata hata mmoja aliyeona kwa macho yake. Nikamweleza mke wangu, akanijibu, "Wewe hupiti pale saa kumi." Na kweli sipiti.

Sasa Jumamosi iliyopita jirani kapoteza simu, watu wakamkamata kijana mmoja karibu na pagala wakaanza kumpiga. Tairi likaletwa. Mimi na mzee mmoja tulimkinga kwa miili yetu mpaka mwenyekiti akafika. Kijana kavunjika mkono. Simu ilipatikana jioni, mwenye nayo aliisahau kwenye bajaji.

Jumapili hii kuna mkutano wa mtaa. Wanataka kila kaya itoe 5,000 kwa mwezi ya sungusungu, na kuna kundi linataka vijana wote wa pagalani wafurushwe usiku kwa marungu. Nikipinga nitaambiwa natetea wezi, tena mgeni. Nikikubali nitajionea aibu maisha yangu yote. Mke wangu anataka tuhamie Soweto au Mafiati, ila kodi ya huko itatubana sana. Nifanyeje?

Loleza

Pole sana mkuu. Mimi nimekulia Mwanjelwa, nakuomba usiipuuze hofu ya shemeji yetu. Mji huu ulipitia kipindi cha wapiga nondo. Mtu anatoka zake kazini usiku, anapigwa nondo ya kichwa kwa nyuma, anaamka hospitali hana simu wala viatu. Wengine hawakuamka. Watu walikuwa wanafunga maduka jua likiwa bado linaonekana. Kipindi kile kimepita, lakini mama yangu mpaka leo akisikia hatua nyuma yake gizani anasimama pembeni, anasubiri mtu apite kwanza. Mgeni anaona giza tu, mwenyeji anaona na yale aliyowahi kuzika. Ndiyo maana sauti moja kwenye WhatsApp inawatosha majirani zako kukosa usingizi.

Fundi Chuma

Mnaosema wahurumiwe hamjaibiwa kitu cha maana. Mimi nilichukuliwa pikipiki ya mkopo getini kwangu. Nikafungua kesi, nikapewa RB (namba ya taarifa ya polisi), nikazungushwa kituoni miezi mitano, hadi leo sijaiona na marejesho ya mkopo bado nalipa. Halafu uniambie nisubiri utaratibu? Vijana wa pagalani wanajua kila kinachoibiwa hapo mtaani. Waondoke.

BintiSokomatola

Kaka, mimi ni mfanyabiashara hapo hapo sokoni na natoka Uyole. Mkeo aache kabisa kutembea peke yake saa ile, yale ya mkutano yaendelee kivyake. Sisi tuko wanne, tumepatana na dereva mmoja wa bajaji tunayemjua kwake na kwao, anatuchukua mlangoni mmoja mmoja, tunalipa kwa wiki. Ukigawanya watu wanne haiumi, na akichelewa tunapigiana simu, hakuna anayesimama nje. Pesa ya mtaji asiibebe yote mkononi, aweke kwenye simu. Na hiyo simu abonyeze *#06#, namba itakayotokea aiandike kwenye daftari nyumbani. Ikiibiwa, bila namba hiyo ni vigumu kuifuatilia au kuifungia.

Nimeumia hapo aliposema hupiti pale saa kumi. Wanaume wengi hamlijui hilo. Mwizi wa kuku tunamsamehe, ila maneno ya wale vijana unayabeba siku nzima hadi unarudi nyumbani.

Mzee Kawetire

Nimekaa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa miaka mingi. Sungusungu si jambo baya. Ilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuitambua. Inaharibika pale watu wanapochanga bila risiti na walinzi wanapojichagua wenyewe. Mkutanoni dai mambo haya: majina ya walinzi yasomwe mbele ya wote na yapelekwe kwa polisi kata, zamu iandikwe, mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa. Walinzi wawe na filimbi na tochi. Kaya isiyo na 5,000 itoe mtu wa kulinda zamu.

Pagala lina mwenyewe. Mtendaji wa mtaa amtafute. Sehemu kubwa ya hofu yenu iko kwenye yale majani, nimeliona hilo mitaa mingi.

Halafu kijana wangu, usisimame mkutanoni peke yako. Nenda kwa yule mzee mliyekinga naye kabla ya Jumapili. Mgeni akiongea wa pili, baada ya mwenyeji, anasikilizwa.

Wakili Msomi wa Sae

Naongeza la sheria. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo ruhusa inaishia. Kijana yule angekufa, ni mauaji, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 kifungu cha 196, na aliyeleta tairi angesimama kizimbani pamoja na aliyewasha kiberiti. "Wananchi wenye hasira kali" ni maneno ya magazeti, mahakamani wanaitwa mmoja mmoja kwa majina yao. Waambie hivyo hivyo. Na likitokea tena, piga 112 huku mkimkinga.

@Fundi Chuma pole sana kaka. Hasira yako ina haki. Nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya na nakala ya RB yako, usiishie kaunta.

Kijana wa Ilomba

Mimi nilikuwa wa pagalani. Tulikuwa kumi na mmoja, wezi walikuwa wawili na sote tuliwajua. Tulikaa pale kwa sababu nyumbani tunalala sita chumba kimoja na kazi ya kubeba mizigo ikiisha saa nane mchana huna pa kwenda. Mkitufurusha wote, wale wawili watahamia mtaa wa pili na sisi tisa tutawachukia. Kwetu alikuja mama mmoja mchana, peke yake, akatuambia binti yake anaogopa kwenda shule kwa ajili yetu. Hakutukana. Kuanzia siku ile hakuna aliyemsemesha binti yule, na aliyejaribu tulimkataza wenyewe. Aliyevunjwa mkono anajua wewe ulimkinga. Anza na yeye.

Mnyalukolo Mgeni

Ahsanteni sana wakuu, nimesoma kila neno. Mrejesho.

Ijumaa nilikwenda kumwona yule kijana. Ana bandeji ya plasta hadi juu ya kiwiko, anaishi na bibi yake. Bibi alinishika mikono miwili, hakuweza kusema. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akanitajia jambo kuhusu mitungi ya gesi ambalo nimelifikisha kwa polisi kata na sitaliandika hapa.

Mkutano ulikuwa mkali. Mzee aliongea kwanza, mimi nikafuata na maneno ya wakili. Nilipotaja kifungu, mtu mmoja aliinuka akaondoka, na wote tulijua ndiye aliyeleta tairi. Sungusungu imepita kwa masharti ya Mzee Kawetire. La marungu limekataliwa, ingawa si kwa mikono mingi. Mwenye pagala yuko Dar, karuhusu kwa simu lifyekwe, na Jumatatu vijana wanne wa pale pale walishika fyekeo pamoja nasi. Wengine hawakutokea.

Dada BintiSokomatola, nimekuandikia faragha kuhusu dereva.

Leo nimemsindikiza mke wangu mwenyewe, saa kumi na nusu. Baridi kali, ukungu. Tulipofika usawa wa pagala, majani yakiwa yameshafyekwa, alinishika mkono kwa nguvu na hakuuachia mpaka tulipoona taa za malori. Kodi yetu inaisha Desemba. Nimemwambia ikifika, yeye ndiye ataamua.