Bima ya afya baada ya mkataba wa kazi kwisha

Mshonaji wa Likoni: Ndugu zangu, mkataba wangu wa hotelini ulikwisha mwezi uliopita, nami nimerudi kwenye cherehani. Mwajiri alikuwa akikata asilimia 2.75 ya mshahara na kuipeleka SHA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia bima ya afya, kila mwezi; katika shilingi 40,000 zilitoka 1,100, wala sikuwa na habari nazo. Jana nilipobonyeza *147# ya SHA kwenye simu niliulizwa habari za nyumba, choo na mifugo, kisha nikatakiwa kulipa 10,200 kwa mkupuo. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Je, nihamie bima ya kampuni binafsi?

Bibi wa Kisauni: Pole, mwanangu. Asiye na mwajiri hukadiriwa kipato cha nyumba nzima, kisha hutozwa asilimia ile ile, ila hulipa mwaka mzima mbele. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Yatazame upya majibu yako. Mimi niliandika nyumba ya marehemu baba kuwa yangu, ilhali tunaikaa ndugu wanne na watoto wetu, na kadirio likapanda. Omba tathmini irudiwe.

Baba Pacha: Kabla ya kukimbilia kampuni binafsi, soma masharti ya uzazi, ambayo aghalabu huchapwa kwa herufi ndogo kuliko bei. Nyingi huweka muda wa kungoja, na mimba iliyokwisha kutungwa hailipiwi. Yangu ilitaka miezi 12. Wanangu wakazaliwa katika mwezi wa tisa wa bima, nikalipa fedha taslimu huku kadi imo mfukoni.

Karani Mstaafu: Naongeza kwamba aliyesajiliwa hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya umma, lakini kulazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu kwahitaji mchango uliolipwa. Ikiwa fedha za mkupuo hazipo, uko mpango wa Lipa SHA Pole Pole: mchango wa mwaka hulipwa kwa mkopo, nawe ukaurudisha kidogokidogo. Ni deni, basi lihesabu kama deni.

Mshonaji wa Likoni: Ahsanteni sana. Nimeyapitia majibu yangu na kukuta nimewahesabu mbuzi sita wa mjomba aliyeko Kwale. Jumatatu nitakwenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kuwaondoa.