Wajukuu wa Dani: anko anunue FC mpya au asinunue?

*Baba Joy (Kondele):* Habari za jioni familia. Vijana wa hapa kibandani wananisukuma ninunue EA FC mpya, ile gemu ya mpira ya kampuni ya EA. Muuzaji anataka elfu nane na kitu, na mimi nalipisha mechi shilingi ishirini. Nyinyi mnaozijua hizi gemu, hii kitu inaelekea wapi? Nisije nikaweka pesa mahali penyewe panakufa.

*Brian:* Nunua anko. Mtu akikuta FC ya mwaka juzi anaenda kwa jirani. Vikosi vimebadilika.

*Kevo (Kakamega):* Kilichobadilika ni vikosi tu. Hiyo ndiyo shida yangu na EA tangu gemu ikiitwa FIFA.

*Brian:* Si kweli Kevo. Kwa FIFA 22 waliwavalisha wachezaji 22 suti za kunasa mwendo, wakacheza mechi nzima. Ndiyo maana wanakimbia kama watu.

*Baba Joy:* Brian, hiyo ni ya mashine ya PS5. Mimi nina PS4 mbili. Diski ya PS4 haikuja na hiyo HyperMotion.

*Brian:* Hapo ni kweli anko.

*Akinyi (Nakuru):* Lakini Kevo usiseme vikosi tu. Timu za taifa za wanawake ziliingia FIFA 16, mwaka 2015. FIFA 23 ikaleta ligi ya wanawake ya Uingereza na ya Ufaransa, Sam Kerr akakaa kwenye jalada na Mbappé. Hapa Section 58 nilikuwa naambiwa nikae nitazame. Siku nilipoingia na Chelsea ya Kerr walinipisha padi bila maneno. Mimi hiyo siwezi kuita kitu kidogo.

*Kevo:* Hiyo ni haki yako kabisa, na PES, gemu ya mpira ya Konami, haikuwahi kukupa. Nakubali.

*Shangazi Rose:* Kabla hamjaendelea, ambao hawajatuma mchango wa matanga, mweka hazina bado anangoja. Endeleeni.

*Baba Joy:* Nimetuma asubuhi dada.

*Akinyi:* Natuma leo shangazi.

*Kevo:* Anko, wacha niseme ya PES maana ndiyo inaonyesha mambo haya yanaelekea wapi. Sisi tulilelewa na Master League, ile sehemu ya kuongoza timu yako mwenyewe. Unaanza na Castolo, Minanda, Ximelez, wachezaji ambao hawako popote duniani, unawabeba msimu baada ya msimu mpaka wanachukua kombe. Ulikuwa huhitaji intaneti wala kadi ya benki. Halafu 30 Septemba 2021 Konami wakaleta eFootball 2022 badala ya PES, ya bure. Sura za wachezaji zimeharibika, watu wakaipigia kura za chini kwenye Steam, duka la gemu mtandaoni, kuliko gemu nyingine zote, kampuni ikaomba radhi. Sura zilirekebishwa. Lakini Master League haikuwemo, tukaambiwa tungoje. Kilichowekwa mbele ni kukusanya kadi za wachezaji mtandaoni. Mchezo ambao mtu alikuwa anakaa nao mwaka mzima uliondolewa hivyohivyo. Iliniuma, na bado inaniuma.

*Brian:* Na ndiyo hiyo eFootball iliyochezewa Kombe la Dunia la FIFA la gemu 2024. Kwa hivyo haijafa.

*Kevo:* Haijafa. Ila kibanda cha anko hakimo kwenye hesabu yao.

*Shangazi Rose:* Hizi kadi za wachezaji ndizo zilimfanya wangu wa gredi ya saba atumie pesa za simu yangu? Sitaji gemu. Alinunua pakiti hata hajui ndani kuna nani. Nilihuzunika sana, si kwa pesa peke yake. Mtoto alikuwa analia kwamba hakumpata mchezaji aliyemtaka.

*Akinyi:* Pole sana shangazi. Ubelgiji walisema 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na EA wakaacha kuuza FIFA Points, zile pointi za kununulia pakiti, huko Januari 2019. Kwetu mtoto bado ananunua.

*Brian:* Mimi nacheza Ultimate Team, hiyo sehemu ya kadi kwenye gemu ya EA, na sijanunua pakiti hata moja. Unaweza kucheza tu na kungoja.

*Akinyi:* Wewe ni mtu mzima Brian. Na angalia hesabu. Septemba 2025 EA walitangaza wanauzwa kwa dola bilioni 55 kwa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia na wenzao, na bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Huo mkopo utalipwa na nini? Ultimate Team imekuwepo tangu 2009 na ndiko pesa iliko. Naogopa kila mwaka upande wa pakiti utapambwa, na upande wa watu wawili kwenye benchi moja utaachwa ulivyo.

*Anko Pita (Migosi):* Nimesoma yote kimyakimya. Mimi nilicheza FIFA ile ya 98, Road to World Cup, kwenye kompyuta ya ofisi baada ya kazi. Ilikuwa na timu za taifa 172. Kenya ilikuwemo. Unaichukua Harambee Stars, unaanza mechi za kufuzu, unalitafuta Kombe la Dunia la Ufaransa kwa miguu yako mwenyewe. Sasa AFCON 2027 inakuja hapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, na mtoto wa Kondele akiwasha gemu hiyo mpya hawezi kuivaa jezi ya nchi yake. Gor Mahia waliochukua Kombe la Washindi la Afrika 1987 hawamo. Ingwe, yaani AFC Leopards, hawamo. Nawaambia wanangu, hiyo ndiyo mimi ningewadai. Warudishe mechi za kufuzu za nchi zote. Kama kompyuta ya 1997 iliweza, hizi zinashindwaje?

*Brian:* Anko hapo sina la kupinga. Nikiwa na Victor Wanyama wetu wa Tottenham kwenye FIFA 17 nilikuwa namweka kila mechi, hata akiwa amechoka.

*Kevo:* Anko Pita, Harambee Stars ninayo. PES 2021 inaruhusu kuhariri. Nimetengeneza jezi, majina, mpaka Gor na Ingwe. Derby inachezwa hapa Kakamega kila wikendi.

*Baba Joy:* Kevo! Na hiyo inaingia kwenye PS4?

*Kevo:* Inaingia. Ni faili tu kwenye fleshi. Diski ya PES 2021 unayo?

*Baba Joy:* Iko chini ya kaunta. Basi sikiza. PS4 moja naiwekea hiyo. Ya pili inabaki na FC niliyonayo, ile yenye timu za akina Akinyi. Mpya sinunui mpaka wanionyeshe nini kipya cha PS4.

*Brian:* Wateja wengine watalalamika anko.

*Baba Joy:* Watalalamika, halafu watasikia kuna Gor na Ingwe. Kevo, fleshi mpe kondakta wa matatu ya asubuhi, nitaipokea stendi.

*Akinyi:* Na Harambee Starlets, timu yetu ya wanawake, je, Kevo?

*Kevo:* PES 2021 haina maumbo ya wanawake. Nimejaribu, hayatoki sawa.

*Akinyi:* Basi EA ndio niwaandikie hilo. Leo hii, pamoja na la Anko Pita.

*Anko Pita:* Andika. Uwaambie na ile ya 98.