Tunasafisha mto mchana, usiku mnaleta malori ya vifusi. TUMECHOKA!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Niko kwenye kikundi cha kujitolea cha mtaani kwetu hapa Dar, kando ya kijito kimoja kinachomwaga maji Mto Msimbazi. Mtaa sitaji na ofisi sitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Jumamosi tunaingia mtoni na reki, machepe na viroba, tunatoa taka. Kingo zilizokuwa zinamegwa kila masika tumezipanda mianzi na nyasi za vetiva. Kile kipande cha wazi pale juu tumekifyeka, watoto wanacheza mpira jioni, na tumechonga njia ya miguu ambayo akina mama wanapita kwenda sokoni bila kuzunguka barabara kubwa. Hatulipwi na hatujawahi kudai hata nauli.

Sasa sikieni vituko.

Taka tukizitoa mtoni tunazirundika ukingoni zisubiri gari. Makubaliano na ofisi ni kwamba gari linakuja jioni ileile. Haliji. Ukipiga simu, gari halina mafuta. Ukipiga kesho, dereva yuko msibani. Ukienda mwenyewe unaulizwa, "Mliandika barua?" Barua ya nini, jamani, taka si hizo hapo mnaziona? Mvua ikipiga usiku mto unapanda, unabeba viroba vyote, na asubuhi unakuta pampasi zinaning'inia kwenye mianzi tuliyoipanda kwa mikono yetu.

Ila subirini tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira. Siku hiyo hakuna msiba wala gari lisilo na mafuta. Wanakuja na fulana mpya, bango, spika na glovu ambazo bado zina mikunjo ya pakiti. Mheshimiwa anashika reki, anapigwa picha, anavuta chupa mbili za plastiki hadi pale kamera inapoishia, anarudi kwenye gari lenye kiyoyozi. Baadaye tunasoma kwamba ofisi "imefanikisha zoezi la usafi kwa kushirikiana na wananchi". Kushirikiana! Hata maji ya kunywa walijiletea wao wakanywa wao. Sisi tuliachiwa chupa tupu tuziokote.

Hayo tulimeza. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni vifusi.

Malori yanakuja usiku wa manane. Yanarudi kinyumenyume hadi ukingoni, yanamwaga vipande vya zege, tofali zilizovunjika, vigae vya choo, udongo mwekundu. Vetiva yetu iko chini ya hicho kilima sasa hivi. Ukingo umeshaingia mtoni hatua kadhaa, na juu yake mtu kachomeka mambo (vigingi) za mipaka, anasubiri kifusi kishikane apige msingi. Mambo mbili ziko ndani ya uwanja wa watoto. Njia ya miguu imefungwa, wanaotoka sokoni wanapanda kifusi na mizigo kichwani.

Vijana wetu walizuia lori moja. Dereva wala hakushtuka, akatoa kwenye dashibodi karatasi iliyokunjwa mara nne. Fotokopi ya fotokopi, muhuri umefifia hadi umebaki duara tu, tarehe haisomeki. Eti kibali. Asubuhi tukaenda ofisini kuuliza kibali hicho katoa nani. Jibu: "Suala hilo linafanyiwa kazi." Halafu tukageuziwa kibao sisi: "Na nyie, mna kibali cha kufanya shughuli kando ya mto?"

Yaani kuokota pampasi kunahitaji kibali! Anayefukia mto haulizwi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wakazi wa mabondeni mita hizo wanazijua vizuri kuliko wanasheria. Desemba 2015 watu wa Mkwajuni na Hananasif waliamka nyumba zina X nyekundu, tingatinga likapita, watu wakalala nje na magodoro na watoto. Waliambiwa wako bondeni. Sawa, wako bondeni. Na huyu wa mambo yuko wapi, mlimani? Au mita 60 zinapimwa kwa uzito wa mfuko?

Na msidhani hili ni tatizo la mtaa wetu peke yake. Maji ya Msimbazi yanashuka kutoka vilima vya Pugu, na mji ulivyojaa mabati, lami na paving, mvua haina pa kuzama, yote inakimbilia mtoni kwa mkupuo. Ukifukia upande mmoja, mkondo unasogea kula upande wa pili. Mzee mmoja ng'ambo yetu choo chake kimeshaning'inia, nusu sakafu hewani, na yeye hajajenga juzi. Udongo unaomegwa na huo wa vifusi haupotei. Unasafiri hadi bonde linapokuwa tambarare pale Jangwani, unatulia, kina cha mto kinapungua, halafu mvua ikinyesha kidogo tu barabara inafungwa, mwendokasi inasimama, na nyie wa Kimara mnaanza kulalamika mitandaoni mkidhani ni kazi ya Mungu. Wenye kumbukumbu wanaikumbuka Desemba 2011, watu walivyokufa, walionusurika wakapelekwa Mabwepande.

Majirani na nyie msijifiche nyuma yangu. Ada ya taka mnakwepa, mnampa kijana wa guta mia tano na hamuulizi anazipeleka wapi. Anazipeleka mtoni, mnajua! Na nyie mnaosubiri mvua ya usiku mtapishe vyoo, mnaotoboa shimo maji ya mafuriko yabebe kinyesi, watoto wenu na wetu wanaogelea humohumo. Tangu kipindupindu cha 2015 hatujifunzi. Lakini hata huyo mwenye guta, ukimkamata anapigwa faini palepale. Mwenye lori la tani kumi anatoa fotokopi na kuondoka.

Nimeshajua kuna mtakaokuja na "gombea udiwani basi". Sitaki udiwani, nataka gari la taka lifike siku lililoahidiwa na kifusi kitolewe mtoni kwa gharama ya aliyekimwaga. Wajibu wa taka ngumu sheria hiyohiyo imeuweka kwa serikali za mitaa, sisi tunasaidia tu. Wajibu wetu umo kwenye Katiba, Ibara ya 27, kulinda maliasili, na tunautimiza tukiwa na matope hadi magotini.

NYONGEZA: Kwa mliouliza ushahidi, picha za malori zenye saa tunazo, namba za magari tunazo, na picha za ukingo kabla na baada tunazo. Sizibandiki hapa kwa sababu madereva ni vibarua tu, namtaka anayewatuma. Kuna mkuu kaniambia kifungu cha 5 cha sheria hiyo ya mazingira kinampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani mazingira yanapoharibiwa, hata kama nyumba iliyobomoka si yake. Mwanasheria aliyewahi kupeleka kesi ya namna hiyo naomba aje PM (ujumbe wa faragha), tutachangishana nauli na karatasi. Na mwenye uzoefu wa kudai nakala halisi ya kibali kwenye masijala aniambie naanzia dirisha gani, maana kila ninalofika naelekezwa la pili.

Kikundini wapo wanaotaka Jumamosi hii tusirundike taka ukingoni, tupakie maguta tukazimwage getini pa ofisi. Nimewazuia mpaka sasa. Mnaofanya kazi humo na mnasoma hapa, leteni gari.