Nianzie wapi kutengeneza kitabu cha picha za familia?

Mtunza Kumbukumbu:
Ndugu zangu, nimekusudia kuwatengenezea wazazi wangu kitabu cha picha chenye jalada gumu na ukubwa wa A4, kwa ajili ya kuadhimisha miaka 40 ya ndoa yao. Picha ninazo nyingi: nyingine zimo kwenye simu yangu, nyingine nilitumiwa na ndugu kwa WhatsApp, na za zamani ni za karatasi ambazo nilizipiga upya kwa simu. Nahofia kwamba picha zinazopendeza kwenye kioo cha simu zitatoka na ukungu zikichapwa. Nitajuaje ipi inafaa kujaza ukurasa mzima?

Fundi Kurasa:
Hofu yako ina msingi, na ni vyema uimalize kabla hujaanza kupanga kurasa. Kinachoamua ni idadi ya pikseli, yaani vidoti vidogo vinavyounda picha, wala si mwonekano wa picha kwenye simu, kwa kuwa kioo kidogo huficha kasoro ambazo karatasi huzifichua. Uchapaji mzuri huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo ukurasa wa A4, ambao ni milimita 210 kwa 297, unataka picha yenye pikseli zipatazo 2480 kwa 3508. Ukishuka hadi 200 kwa inchi picha bado itatazamika, ila chini ya hapo mimi nisingeipa ukurasa mzima. Picha yenye pikseli 1600 upande wake mrefu itatoka safi ikiwa na urefu wa sentimita 13 hivi, yaani ikae kwenye robo ya ukurasa pamoja na wenzake.

Hizo za WhatsApp ndizo za kutazamwa kwa makini, maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Waombe ndugu wakutumie upya zile za asili, safari hii kama dokumenti. Za karatasi nazo, badala ya kuzipiga kwa simu, zipitishe kwenye skana kwa pikseli 600 kwa inchi, nawe utaweza kuzichapa kwa urefu na upana maradufu bila kupoteza ubora.

Mpenda Albamu:
Naungana na Fundi Kurasa, na ninaongeza jambo ambalo programu ya kupangia kitabu haitakuambia. Programu nyingi hupanga picha kwa tarehe iliyohifadhiwa ndani ya faili, na picha ya zamani iliyopigwa upya hubeba tarehe ya siku ulipoipiga kwa simu. Ukiiachia programu kazi hiyo, harusi ya wazazi wako itakuja baada ya wajukuu. Panga mwenyewe, na ukae na wazazi wakutajie majina na miaka, kwani maelezo mafupi chini ya picha ndiyo yatakayowafaa wajukuu wasiowajua waliomo.

Kisha chunga sehemu mbili za ukurasa. Ya kwanza ni katikati, karatasi zinapoungana kwenye mgongo wa kitabu: uso wa mtu ukiangukia hapo humezwa, hasa katika vitabu vilivyounganishwa kwa gundi. Ya pili ni ukingoni, kwa sababu mashine ya kukata haikati kwa usahihi kamili. Picha inayojaza ukurasa ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3 hivi, au kama mchapaji wako atakavyoelekeza, na vichwa vya watu na maandishi vikae ndani zaidi.

Mtunza Kumbukumbu:
Ahsanteni sana. Je, nichague karatasi inayong'aa au isiyong'aa? Na rangi zitabaki kama ninavyoziona?

Fundi Kurasa:
Kwa kitabu kitakachoshikwa na wengi ningechagua isiyong'aa, kwa kuwa haionyeshi sana alama za vidole na haiakisi taa usoni mwa msomaji, ijapokuwa rangi zake ni tulivu kidogo. Kuhusu rangi, kioo hutoa mwanga wake chenyewe ilhali karatasi hutegemea mwanga wa chumba, ndiyo maana picha zilizochapwa huonekana nyeusi zaidi. Punguza mwangaza wa kioo unapozirekebisha, uzing'arishe kidogo zile zenye giza, na uagize nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa za ndugu wote.