Tupeane uzoefu: kanda, flashi, maktaba na simu

NyarKisumo: Jumamosi nimempeleka kijana wangu maktaba ya taifa hapa Kisumu, nikitaka aone nilikosomea. Neno lake la kwanza: "Mathe, waifai iko?" Enzi zetu tuligombania kiti cha dirishani, sasa kinachogombaniwa ni kile kilicho karibu na soketi. Vitabu vipo, ila jirani yangu mezani alikuwa na earphone masikioni akimtazama mwalimu wa hesabu kwenye simu, anamsimamisha, ananakili, anamrudisha nyuma. Nilitaka kukasirika. Nikaishia kuchaji yangu pia. Haya, wenzangu, nyinyi mmeyaonaje?

MzeeWaDeki, Nakuru: Mimi nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video pale Bondeni. Ukirudisha kanda bila kuirewind, faini. Zikaja VCD, na kwa kuwa sahani moja haibebi zaidi ya dakika themanini hivi, filamu moja ilikuwa sahani mbili. Wateja wakawa wananirudishia ya kwanza, ya pili "imesahaulika kwa shemeji". Msicheke, ile ilikuwa maktaba: daftari la wakopaji, rafu, wadeni sugu. Nilimjua kila mtu. Huyu ni wa filamu za Kihindi, yule hashiki filamu ambayo DJ Afro hajaisimulia kwa Kiswahili, na mama fulani alitaka za kulia tu, Ijumaa.

Halafu flashi. Mtu anaiweka kaunta anasema, "Nijazie." Nijazie nini? "Chochote." Hapo ndipo nilipojua biashara imekwisha, bando lilikuja kuzika tu. Siku hizi simu ndiyo inayomchagulia. Mimi nabadilisha skrini za hizo simu.

BodaKondele: Mzee, kama ni lile duka la mlango wa kijani, sahani yako ya pili ninayo.

MzeeWaDeki, Nakuru: Faini yako imefika bei ya ng'ombe.

KukuKakamega: Yangu ni ya hasara. Nilijitengenezea mashine ya kutotolesha kwa kufuata video: sanduku la mbao, balbu, bakuli la maji, joto nyuzi 37.5, mayai yageuzwe kutwa mara tatu. Jamaa alieleza vizuri sana. Mwisho akasema tukutane sehemu ya pili. Sehemu ya pili sijaiona hadi leo. Nikaendelea kugeuza mpaka siku ya 21 kama mtu anayepika chapati. Katika mayai thelathini nilipata vifaranga wanne, mmoja mguu umepinda.

Nikaenda maktaba, mhudumu akanipa kitabu cha ufugaji kilichochakaa, jalada limeshikwa na selotepu. Ukurasa mmoja tu: siku ya 18 acha kugeuza, kifaranga anajipanga atoke, na ongeza unyevu. Bado natazama video, kwa sababu kitabu hakinionyeshi mkono unavyoshika yai. Ila sianzi kitu kabla sijajua mwisho wake.

Msomaji_Bungoma: Dada yangu hasikii. Maandishi ya chini ya video yamemfungulia dunia, ya Kiingereza lakini. Mwalimu akichanganya Kiswahili, maandishi yanaanza kuota ndoto zake yenyewe.

JaKendu: Dani, yaani nyanya yangu, alinisimulia Simbi Nyaima, ziwa letu hapa Kendu Bay, lile linalosemekana ni kijiji kilichozama baada ya kumfukuza bikizee kwenye karamu ya pombe. Nilimrekodi mwanzo hadi mwisho, na ule wimbo wake ndani. Nikajaribu kutuma kwa grupu ya familia, WhatsApp ya wakati huo haikupokea video inayozidi MB 16, nikakata kipande. Simu ikaibwa steji. Dani ametutoka mwaka jana. Kilichobaki ni kile kipande cha kwenye grupu: bikizee amefika mlangoni, anapiga hodi, dani anavuta pumzi aanze kuimba, basi.

NyarKisumo: Pole sana ndugu. Waulize shangazi zako wimbo huo, wawili watatu kila mmoja peke yake. Urekodi hata kama wanabishana maneno.