Naomba ushauri: hisa za kampuni ndogo ya magadi

Wakuu, habari za jioni. Niko Arusha, nina duka la vyakula pale Kilombero. Shemeji kaniletea mpango: kuna kampuni ndogo inataka kuchimba magadi upande wa Engaruka na kuyasafisha yawe soda ya kupikia. Wanatafuta wa kununua hisa.

Soko halinitishi, wauza mandazi wapo kila kona. Ninachohofia ni kwamba magadi yetu ghafi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na floraidi humo si haba. Meno ya kahawia huku kwetu mnayajua. Je, mtambo mdogo unaweza kuyasafisha mpaka TBS (shirika la viwango) wayapitishe kwa chakula, au tutaishia kuuzia wenye viwanda vya sabuni? Kwenye makabrasha yao (picha nyingi kuliko hesabu) hilo halijaguswa kabisa.

Halafu leseni. Wamenionyesha kopi ya leseni ndogo ya uchimbaji, ile ya miaka 7, ila ina jina la mtu, si la kampuni. Sasa hapo nanunua hisa za nini hasa? BRELA, kwa wasajili wa kampuni, nitapekua mwenyewe. Aliyewahi kufuatilia mambo ya leseni Tume ya Madini anielekeze naanzia wapi.

Na hapohapo Engaruka, NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) wana mradi wao mkubwa wa magadi. Huyu mdogo atapumulia wapi?

Shemeji anataka jibu kabla ya Jumapili, na hela yenyewe ni mtaji wa duka. Mnasemaje?