Polaraiza kwenye lenzi pana za panorama: 30mm, 45mm au 90mm?

mtoto_wa_rau
Wakuu habari za jioni. Mjomba wangu kaniachia kamera yake ya filamu ya panorama, Hasselblad XPan, toleo la kwanza lile la 1998, pamoja na lenzi zote tatu: 30mm, 45mm na 90mm. Kwa wasioijua, inakula filamu ya kawaida ya 35mm, ila fremu moja ina upana wa milimita 65 badala ya 36. Roli ya picha 36 inatoa 21 tu, ndiyo maana nauliza kabla sijaunguza.

Niko Moshi. Ninachotaka ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri, mahindi chini, mlima juu, kwenye filamu ya slaidi ya rangi, Velvia 50, theluji ijitenge na anga. Polaraiza, ile filta ya kuzungusha inayokoleza anga na kuua mng'ao, ninunulie lenzi ipi? Mdomo wa 45 na 90 ni milimita 49, wa 30 ni milimita 58. Mfuko unaruhusu moja nzuri tu. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_negativu
Kijana, kwa Kibo alfajiri usinunue ya 30mm. Nakwambia kwa uchungu. Niliwahi kumaliza roli nzima upande huohuo wa Moshi, jua likichomoza mkono wangu wa kulia. Slaidi zilipotoka, juu ya mlima kulikuwa na ukanda wa buluu uliokaribia weusi, umesimama kama nguzo, na pande zote mbili anga jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mke wangu akauliza kama mvua ilikuwa inanyesha Kibo peke yake.

Kosa halikuwa la lenzi wala la filta. Mwanga wa anga la buluu umejipanga zaidi (yaani mawimbi yake yanatikisika upande mmoja) kwenye duara lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na hapo ndipo polaraiza inapokoleza. Nyoosha kidole cha shahada kuelekea jua, simamisha dole gumba, kisha zungusha kiganja. Kila dole gumba linapopita, ndipo giza litakapokuwa. Asubuhi kwetu jua liko mashariki, kwa hiyo dole gumba linaanzia kaskazini, linapita utosini, linashukia kusini. Na Kibo ukiwa Moshi iko wapi? Kaskazini. Yaani umeilenga lenzi katikati ya ukanda wenyewe.

Vitabu vinasema "jua liwe begani". Ni ushauri mzuri ukiwa na lenzi nyembamba. Kwenye lenzi pana, ndio unaokuletea nguzo.

fasta_fasta
Si mpige tu na simu mkaunganishe vipande? Mnajitesa wazee.

mzee_wa_negativu
Ukiunganisha vipande vilivyopigwa kwa polaraiza, nguzo ni ileile, isipokuwa sasa ina ngazi kila kipande kinapokutana na mwenzake.

hesabu_na_lenzi
Mzee yuko sahihi, mimi naongeza tarakimu. Kwenye fremu ya milimita 65, lenzi ya 30mm inaona takriban nyuzi 94 kwa upana, 45mm inaona 72, 90mm inaona 40. Ukiuweka ukanda katikati ya picha, kwa fomula ya Rayleigh (ya jinsi hewa inavyotawanya mwanga) na anga safi kabisa, ukingoni mwa 90mm bado unabakiwa na karibu asilimia 80 ya nguvu ya katikati. Ukingoni mwa 45mm unabakiwa na nusu. Kwa 30mm, chini kidogo ya theluthi. Anga halisi lina vumbi na mvuke, kwa hiyo tarakimu zenyewe zitapungua, lakini mpangilio wa lenzi hizo tatu haubadiliki. Ya 90mm jicho halisumbuki. Ya 45mm utaiona kwenye slaidi ukijua pa kutazama. Ya 30mm ataiona hata jirani.

Kuna jambo la pili. Lenzi ya 30mm yenyewe pembe zake huingia giza. Kwa kanuni mwanga wa ukingoni unapungua zaidi ya stopu mbili (kila stopu ni kupoteza nusu ya mwanga), ndiyo maana kuna filta ya katikati, inayotia giza katikati ili palingane na pembeni, iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mtu atasema basi vinafutana: lenzi inatia giza pembeni, polaraiza inatia giza katikati. Angani labda. Ila mahindi yako hayajui habari za polaraiza, yatabaki na pembe nyeusi vilevile. Ukivaa filta zote mbili, polaraiza inakula stopu moja na nusu hadi mbili, ya katikati nayo inakula yake, na filamu ni ASA 50, inayotaka mwanga mwingi. Hapo bila stendi usitoke nyumbani.

nyika_ya_amboseli
Sisi wa upande wa Kenya mlima tunauona kusini, lakini shida ni ileile, imegeuzwa tu mgongo. Mimi hungoja. Jua likipanda, ule ukanda huanza kulala. Kufikia saa nne na nusu hivi jua liko juu sana na anga la karibu na upeo limekaribia kuwa sawa kutoka kushoto hadi kulia, hata kwa 30mm.

Ubaya ni kwamba Kibo hangoji mtu. Saa hizo mara nyingi ashajifunika blanketi. Nimewahi kupata asubuhi chache ambazo hakujifunika, na hizo picha ndizo zilizoko ukutani kwangu.

hesabu_na_lenzi
Nimepiga hesabu ya hiyo saa nne na nusu, kwa Machi au Septemba jua likiwa nyuzi 60 juu: ukingo wa 30mm unapanda kutoka theluthi hadi kama robo tatu. Kwa hiyo kungoja si imani, kunalipa. Kama wingu litakubali.

bi_mkunazini
Nyote mnazungumza mlima. Sisi wa pwani tunaitaka hiyo 30mm na polaraiza pamoja, na tunaitaka saa ambayo wapiga picha wengine wamelala.

Yangu ni TX-1, ndugu wa XPan aliyeuzwa Japani kwa jina la Fujifilm. Mapema Machi na tena mapema Oktoba jua linapita utosini kabisa hapa Unguja. Baada ya saa sita mchana kivuli chako unakikanyaga. Fanyeni ile ya dole gumba: kidole juu, zungusha, dole gumba linazunguka upeo wote wa macho. Ukanda umelala. Ielekeze lenzi popote, anga la karibu na upeo linakoza sawasawa. Ukungu wa bahari unapunguza nguvu, ni kweli, lakini unaipunguza kote.

Na kuna neema nyingine. Mng'ao wa juu ya maji mwanga wake umejipanga kwa mlalo. Jua likiwa utosini, mwanga wa anga la upeoni nao umejipanga kwa mlalo. Kwa hiyo filta ikikaa sawa kwa anga, imekaa sawa kwa maji. Alfajiri ukitazama kaskazini au kusini vinagombana: ukikoleza anga unauacha mng'ao, ukiua mng'ao anga linapauka.

Nimepiga Jambiani maji yakiwa yametoka, mashamba ya mwani mbele, miamba nyuma. Chini ya picha unaona mchanga na kamba za mwani kana kwamba maji hayapo. Ukipanda juu kidogo mng'ao unaanza kurudi. Mwanzo nilidhani filta mbovu. Kumbe mng'ao hufa kabisa ukitazama maji kwa nyuzi kama 37 chini ya upeo, na panorama ya 30mm, kamera ikishikwa sawa bila kuinamishwa, inaishia nyuzi 22 tu chini. Fremu ni ndefu kwa upana, si kwa kimo. Nimelizoea, hata nalipenda.

Jua hilo kali, vivuli vifupi, sura za watu mbaya. Ni saa ya bahari tu.

mtoto_wa_rau
Shikamoo mzee, shikamoo bibi. Nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Swali moja: kwenye hii kamera sitazami kupitia lenzi, dirisha la kutazamia liko pembeni. Nitajuaje polaraiza imekaa sawa?

bi_mkunazini
Marahaba mwanangu. Chukua rangi ya kucha, tia nukta moja kwenye ukingo wa ringi inayozunguka. Shika filta mbele ya jicho, uso wake uleule ukitazama nje, izungushe mpaka upende unachokiona, tazama nukta iko saa ngapi kama uso wa saa. Ifunge kwenye lenzi, zungusha nukta irudi saa ileile. Ukiigeuza kamera wima, anza upya. Nimesahau hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Na usilazimishwe kununua ile inayoitwa ya duara (circular), ya bei kubwa. Hapa hakuna kioo kati ya lenzi na filamu, hata polaraiza ya zamani, ya mstari (linear), inafanya kazi.

nyika_ya_amboseli
Kwa 30mm ringi nene itakukata pembe. Ringi nyembamba nazo nyingi hazina hesi ya mbele, kifuniko cha lenzi hakishiki. Changu kilibaki Amboseli, pengine nyani anakitumia kama sahani.

mzee_wa_negativu
Kama ni 30mm na Kibo alfajiri lazima, weka filamu nyeusi na nyeupe, FP4 au kitu kama hicho, na filta ya rangi ya chungwa. Hiyo inakata buluu kwa sababu ni buluu, haiulizi jua liko nyuzi ngapi. Anga linakoza bila nguzo, theluji inaruka mbele, na ukungu wa bondeni unapungua. Ya nyekundu inakoleza zaidi lakini inakula stopu tatu, na mahindi yako ya kijani yatakuwa kama makaa.

Slaidi ya Velvia iache bila filta kabisa kwa lenzi hiyo. Filamu hiyo inakoleza rangi bila kuombwa.

mtoto_wa_rau
Basi nanunua ya 49mm moja, nyembamba. Alfajiri itakaa kwenye 90mm, nipige Kibo yenyewe na ukingo wa msitu. 45mm nitajaribu fremu mbili, moja nayo na moja bila, nilete hapa. 30mm naiwekea FP4. Mzee, hiyo filta ya chungwa unayo bado?

mzee_wa_negativu
Ninayo. Ni ya milimita 72, kwa hiyo tafuta ringi ya kutoka 58. Na uirudishe.